Mjomba na Mpira wa Baiskeli

“Anti, hii kaseti imeharibika,” Ndunge aliniambia, katika nyumba ya babake pale Umoja, Nairobi, mbele ya kamati nzima ya mazishi. Alisema kwa adabu, maana Ndunge ni mtoto wa adabu, lakini alisema huku tayari anairudisha kwenye mkoba wangu. Alikuwa ameisikiliza kidogo tu, mwanzo wake, akazima. Wimbo uleule alikuwa ameupata kwenye simu yake, safi kabisa, na huo ndio aliotaka upigwe Jumapili wakati wa kumuaga babake kabla ya mwili kupelekwa Ukambani. Marehemu Mutiso alikuwa amesema wazi, mbele ya mkewe na mbele yangu, kwamba siku akiondoka apigiwe Mjomba. Sasa binti ana Mjomba wake, na mimi nina Mjomba wangu, na hao wawili si mtu mmoja. Nikamwambia, “Haijaharibika. Ndivyo ilivyo.” Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja wa kanisani kwao, akacheka kidogo akasema, “Mama naye na mambo yake ya zamani.” Mimi si mtu wa kuchekwa nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu cha miguu mitatu, na sikuondoka hapo. Niliwaambia kaseti nitaileta Jumapili na itapigwa, na mwenye kutaka kujua kwa nini akae chini nimweleze. Hakukaa mtu, watu wa kamati huwa na haraka. Basi nimekaa mimi, na ninaandika.

Nilizaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa nani, hayo sitayaeleza, hayahusu. Anzeni na mimi nikiwa msichana wa mitumba katika soko la Gikomba, miaka ile ya tisini, ninauza makoti, mdomo wangu mrefu kuliko mkono wangu. Mke wa Mutiso, Mama Ndunge, alikuwa mteja wangu. Alipenda makoti ya watoto yenye kofia, na nikipata zuri nilimwekea chini ya meza, kisha Jumapili baada ya kanisa nampelekea nyumbani. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingi za Umoja, imeongezewa chumba mbele na kingine nyuma mpaka huwezi kujua mlango wa kwanza ulikuwa wapi. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya Mutiso, mchonga vinyago. Humo mlikuwa na twiga wasio na masikio, viboko wanaosubiri kupigwa msasa, na vumbi la mbao lililoingia hadi kwenye sukari. Sebule ilifuata, na baada ya sebule jikoni, ambako Mama Ndunge, mtoto mgongoni, alikuwa akikoroga muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa, kwenye sufuria ambayo ingetosha harusi. Jumapili ya kwanza nilipofika na koti, nilikuta wanaume watatu sebuleni wamekaa kimya kama watu walioitwa na chifu, na mashine ya santuri inazunguka. Nikaingia jikoni, nikamuuliza Mama Ndunge nani amekufa. “Hakuna,” akasema. “Hao ni wazima. Wanasikiliza jazi.”

Ukitaja jazi Umoja wakati huo, watu walidhani unasema bendi za rumba, zile zilizojiita jazi na ambazo na jazi hata hazikusalimiana. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya tarumbeta na saksafoni za Wamarekani weusi, ya piano inayosema jambo kisha inabadilisha nia. Mutiso aliipata kwa mzungu mmoja mnunuzi wa vinyago aliyehama akamwachia mashine na santuri chache. Rafiki zake wawili walimfuata humo: Kariuki, dereva wa lori la mkate, mtu wa kelele na Sheng nyingi, na Makau, karani wa ofisi moja ya serikali, aliyevaa tai hata Jumapili. Walikuwa na sheria zao. Santuri ikichezwa, mikono inasimama; Mutiso hakugusa patasi, Makau hakugusa kikombe. Na kila santuri iliyoingia nyumbani humo ilibandikwa karatasi ya kaki juu ya jina, kwa gundi ya mbao, asisome mtu. Mutiso alisema watu wakijua jina huacha kusikiliza, wanaanza kuheshimu. Kila mtu aseme kwanza amesikia nini, halafu kundi zima limpe mpigaji jina lake la hapo nyumbani. Walikuwa na Fundi Saa, walikuwa na Baba Mikosi, walikuwa na mpiga tarumbeta waliyemwita Mwenye Nyumba kwa sababu kila akiingia wengine walinyamaza.

Siku hiyo nikachambua mboga jikoni na kuwasikiliza wakibishana juu ya mpiga saksafoni mmoja mpya. Makau alisema huyu amehamishwa kazi akapelekwa mbali. Kariuki akasema, “Zii, huyu buda amekosana na mkewe, sikia anavyozunguka nje ya mlango.” Mimi, nikiwa na sukuma wiki mkononi, nikasema kwa sauti, “Huyo anaogopa tu. Hana kazi wala mke.”  Kisha nikamsikia Makau: “Nani anaongea bila rekodi?” Ndipo nikajua sheria ya tatu, kwamba asiyeleta santuri hana neno. Nilitoka nikasimama mlangoni nikauliza kama mtu huzaliwa na santuri. Mutiso akanitazama vizuri, bila dharau, akasema, “Mkono mtupu haulambwi, Shiru. Leta yako, utasema mpaka uchoke.” Kariuki akacheka, akasema wasichana wa Gikomba wataleta santuri siku kuku wataota meno. Mama Ndunge akanivuta nguo nirudi jikoni. Nilirudi, lakini nilirudi na hasira iliyonifaa sana.

Pale Gikomba, hatua chache kutoka meza yangu, palikuwa na jamaa aliyenunua vitu vya nyumba za watu wanaohama: pasi, fremu za picha, vitabu vya mapishi. Santuri hakuwa na haja nazo kama santuri. Aliziweka juu ya jiko la makaa zikalainika, akazikunja pembeni, akawauzia akina mama vyungu vya maua. Kila siku nilipita hapo na harufu ile ya mpira unaoungua, na sikuwahi kuwaza kitu. Jumatatu baada ya ile Jumapili niliwaza. Nilimkuta ana moja tayari mkononi, jina lake limebanduka zamani, imebaki alama ya duara tu, anaisogeza kwenye moto. Nikamshika mkono. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ninao, na nikampa koti la kodrai la mikono mirefu, zuri, ambalo lilikuwa limewekewa mteja. Mteja huyo alinitukana wiki nzima. Santuri niliifunga kwa blauzi tatu nikalala nayo chini ya kitanda.

Mutiso aliiosha kwa maji na sabuni, akaipangusa kwa fulana yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha akasema, “Imeona moto.” Nikasema, “Imeona, na haijaungua.” Akaiweka. Mwanzoni ilikwaruza, kisha ikaingia piano, polepole, halafu sauti ya mtu. Hakuimba maneno. Alikuwa anaguna tu, anapanda kidogo, anashuka, sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mzee anayefanya kazi peke yake na hajui kuna mtu anamsikia. Ilipokwisha hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua chai. Makau akasema kwa sauti ndogo, “Huyu anazunguka nyumbani kwake anazima taa moja moja.” Kariuki akasema, “Huyu amezika.” Wakanigeukia mimi, na ilikuwa haki yangu sasa, nikasema, “Amezika, lakini hakubali.”  Mutiso alijipangusa uso kwa mkono wa vumbi akabaki na mstari wa rangi ya mbao shavuni. Baadaye, tukila, alisema, “Huyo ni mjomba wangu.” Mjomba wake ndiye aliyemfundisha kuchonga, huko Ukambani, na alikuwa akiguna hivyo hivyo juu ya kazi, sauti hiyo hiyo, mpaka kifua kilipomuua. Mutiso hakufika mazishini. Alikuwa Nairobi akitafuta kazi, na habari zilimkuta mjomba ameshalala ardhini. Kwa hiyo jina halikujadiliwa. Santuri yangu ikawa Mjomba, na Jumapili iliyofuata nilikuta kigoda cha miguu mitatu, kipya, kinanuka msasa, kati ya kiti cha Makau na cha Kariuki. “Kaa,” Mutiso akasema. Ndicho hiki ninachokikalia.

Mwaka ule niliuishi kwa Jumapili. Kariuki alileta mkate uliovunjika kwenye lori, tukala na muthokoi na chai ya maziwa mengi, tukagombana juu ya Fundi Saa na Baba Mikosi, na kila mara tulimaliza kwa Mjomba. Mama mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani akaniuliza ninafanya nini na wanaume watatu Jumapili mchana. Nikamwambia tunamsikiliza mjomba wa mtu. Akasema muziki wa baa utanimaliza. Nikamwambia awaulize wanaoenda baa kama huko wanapewa muthokoi. Sikuwa na adabu, na sijutii. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo kila mtu aliniambia nishike bei na ninyamaze, na hapa palikuwa na chumba ambamo mchonga vinyago, karani na dereva walisubiri nimalize sentensi yangu. Hamwezi kujua hilo ni kitu gani kama hamkuwahi kukinyimwa.

Halafu Kariuki akatuletea mgeni, binamu yake aliyesoma ng'ambo na kufundisha muziki katika chuo kimoja. Sisi tulimwita Daktari. “Mgeni njoo mwenyeji apone,” Kariuki alisema mlangoni, amevimba kichwa, maana alikuwa amemsifia kundi letu kote njiani. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikula muthokoi akaomba nyingine, alishika vinyago kwa heshima. Lakini tulipoanza kucheza santuri niliona anainamisha kichwa kama mtu anayesikia maji yanavuja mahali. Tulipofika kwa Mjomba hakungoja iishe. Akacheka. Hakutucheka sisi, alicheka kwa mshangao, lakini kicheko kikishatoka hakichagui. Akauliza mashine ilitengenezwa lini. Mutiso akasema mkanda wake ulikatika zamani, akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauweka, umefanya kazi tangu hapo. Daktari akainua sahani ya mashine akautazama ule mpira, mweusi, umelegea. “Unateleza,” akasema. “Mashine yenu inazunguka polepole. Kila kitu mnachosikia hapa kimevutwa.” Kisha akasema, kwa upole, kwamba Mjomba si mzee. Ni msichana. Ni mwimbaji wa kike, kijana kabisa, na huo ni wimbo wa kuchezea densi.

Makau akasema haiwezekani. Kwa bahati mbaya yetu Daktari alikuwa na rekodi hiyohiyo kwenye kaseti, ndani ya gari. Akaileta, akaiweka kwenye redio ya Mama Ndunge. Ilikuwa piano ileile, mkwaruzo wa sauti uleule, mahali pa kuvuta pumzi palepale. Lakini alikuwa msichana, na alikuwa anacheka kati ya sauti na sauti, na miguu yako mwenyewe ilitaka kuinuka. Nilimtazama Mutiso. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kaburi alilokuwa akilitembelea si la ndugu yake. Kariuki alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu mbele ya binamu yake. “Kumbe tumekuwa tukililia densi,” akasema. “Mwaka mzima, wazee wazima.” Makau akakaza tai yake akasema ana safari. Muthokoi ilibaki kwenye sahani, na Mama Ndunge aliitoa.

Jumapili iliyofuata karibu nisiende. Mimi ndiye niliyeleta Mjomba, na nilijua watakachosema: msichana wa mitumba aliwaletea kitu cha kuchezea densi, wakamchongea na kiti. Ningebaki Gikomba nikauze makoti yangu. Lakini nilikumbuka kile kigoda, na nikajiuliza kama nitakiacha kwa sababu ya mkanda. Nikaenda. Niliwakuta wote, hata Daktari, maana alikuwa amemletea Mutiso mkanda mpya wa kiwandani, zawadi ya moyo safi. Ulikuwa umeshafungwa. Wakaweka Mjomba. Msichana akatoka kwenye spika akicheka, mwepesi, mzuri, na mgeni kabisa. Hakuna aliyesema amesikia nini. Kariuki alijikuna kidevu akasema, “Mimi huyu simjui.” Mutiso akaondoa sindano taratibu, akaanza kuirudisha santuri kwenye ganda lake, na nilipoona anavyoirudisha nilijua haitatoka tena. Angemzika mjomba wake mara ya pili, na safari hii akiwepo.

“Rudisha mpira,” nikasema.

Walinitazama. Nikasema tena, “Baba Ndunge, rudisha ule mpira wa baiskeli.” Daktari akanieleza, kwa uvumilivu wa mwalimu, kwamba ule haukuwa muziki uliorekodiwa, lilikuwa kosa la mashine. Nikamwambia najua ni kosa. Mimi si mjinga, nimesikia kaseti kwa masikio yangu. “Lakini Daktari, huyo msichana wako wewe umekutana naye ng'ambo. Mjomba sisi tumekula naye hapa. Aliingia mlango huu, akapewa jina, akamkuta mpwa wake. Wewe usituambie hakuwepo.”  Makau akakohoa. Nilidhani atanipinga, lakini alisema, “Mimi bado naona zile taa zikizimwa.” Kariuki hakumwangalia binamu yake. Akasema, “Akili ni nywele, buda. Sisi tulisikia hivyo.”  Mutiso akaenda karakana, akarudi na ule mpira, ulikuwa umetundikwa kwenye shingo ya twiga, hakuutupa. Akaufunga mwenyewe.

“Na tuirekodi,” nikasema, “kabla haujakatika.” Mama Ndunge akaleta redio yake na kaseti ya kwaya ambayo ilikuwa imemchosha, tukaiweka karibu na spika, tukabonyeza. Mjomba akaingia, mzito, mpole, yuko kazini. Daktari alivumilia mpaka katikati, kisha masikio yake yakamshinda, akainuka, mkono ukaenda kwenye mashine kuisukuma kidogo iende sawa. Ndipo Mutiso alipozungumza, sauti ya chini, bila hasira. Baada ya hapo hakuna aliyesogea mpaka mwisho. Daktari alikuja mara nyingine nyingi, na mara zote alisikiliza kwa kasi ya nyumba hiyo. Mwaka huo ukaisha, Makau akahamishwa kazi kama saksafoni ilivyosema, kundi likapungua. Kaseti nilibaki nayo mimi.

Niliyoandika hadi hapa niliyaandika kabla ya Jumapili. Sasa Jumapili imepita. Sebule ilijaa, na hema lilikuwa nje mpaka barabarani. Kariuki alikuja na fimbo, mzee kabisa, akakaa karibu nami. Wimbo wa kwanza uliopigwa ulikuwa wa simu, watu wakatingisha vichwa, msichana akacheka kwenye spika kubwa za kukodi, na Mama Ndunge akatazama sakafu. Nikasimama na redio yangu mkononi. Mwenyekiti akaniambia, “Mama, ratiba imebana.” Nikamwambia aikaze zaidi. Nikaweka kaseti.

Mjomba akaguna. Niliona watu wakiangaliana, nikasikia mtu nyuma akisema betri zimeisha. Kariuki akafunga macho. Tulifika katikati, mwenyekiti akamkonyeza Ndunge, na Ndunge, mtoto wa adabu, akapita kati ya viti akanyoosha mkono kuizima. Kutoka ndani ya kaseti, karibu na spika, babake akasema, “Usiguse. Hapa ni kwangu.”

Mkono wa Ndunge ulibaki hewani. Nilimsogezea kigoda changu, akakaa, na tukasikiliza mpaka pale mwisho ambapo Mama Ndunge, kijana, anatuambia sote chai inapoa.